Friji ya Mafuta ya Taa

Nilipokwenda bara kusomea uhandisi, mama yangu aliwaambia watu wa Pujini, kijiji chetu kisiwani Pemba, kwamba mwanawe anasoma moto. Hakukosea sana. Mwaka wa pili wote ulikuwa joto: linavyozaliwa, linavyosafiri, linavyogeuzwa kuwa kazi na linavyopotea njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Lakini Pujini habari hiyo ilipokewa kwa namna yake. Imamu wa msikiti wetu alinishika mkono baada ya sala ya Ijumaa, akaniuliza kwa upole ni moto upi huo unaohitaji kuvukiwa bahari, ilhali yeye anatueleza habari za moto kila wiki na hajamdai mtu ada.

Nilimwambia moto wetu ni mwingine. Akasema anatumai hivyo.

Mwalimu wetu wa somo hilo huko chuoni alikuwa Mwingereza mrefu, mwembamba, mtu wa adabu, aliyeamini kwamba dunia nzima hulala madirisha yamefungwa. Mifano yake yote ilikuwa ya nyumba yenye theluji juu ya paa. Nje baridi inaua, ndani familia imekaa mbele ya makaa, na joto linatoroka ukutani. Je, linatoroka kiasi gani, na tulizuieje? Nilikokotoa. Nilizuia joto lisitoke katika nyumba nyingi ambazo sikuwahi kuziona, za watu nisiowajua, na nikapewa alama nzuri. Siku moja mwenzangu wa dawati, kijana wa Tanga, aliuliza kama tungeweza kufanya hesabu moja tu ya nyumba ambayo joto ndilo linaloingia. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema hesabu ni ile ile, penye kujumlisha tutoe. Ndivyo nchi zetu zilivyoingia katika somo: kwa kubadilishiwa alama.

Kanuni zenyewe, sikatai, nilizipenda. Ya kwanza inasema nguvu haizaliwi wala haifi, inabadilika sura tu. Ya pili inasema joto halitoki penye baridi kwenda penye moto kwa hiari yake. Ukitaka liende, ugharimike. Nilizikariri kwa Kiingereza mpaka nikawa naziota, na niliporudi Pemba likizo ya mwezi wa Machi, Ramadhani ikiwa imeshaanza na masika bado hayajaonekana, nilijiona mtu aliyebeba jambo zito kichwani. Nilikuwa sijamaliza siku mbili Pujini dereva wa gari ya abiria aliponiletea ujumbe kutoka Chake Chake. Mjomba ananitaka. Amenunua kitu na kitu hakifanyi kazi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mfanyabiashara wa karafuu, mtu mnene mwenye sauti ndogo, na maradhi yake yalikuwa kupenda kuwa wa kwanza. Alikuwa wa kwanza mtaani kwake kuwa na redio ya betri. Alikuwa wa kwanza kuvaa saa mbili, moja kila mkono. Ya kulia akisema ni ya saa za Kiswahili na ya kushoto ya saa za Kizungu, na ukimuuliza saa ngapi ilikuwa lazima kwanza ajue unamuuliza kama nani. Safari hii alikuwa amenunua friji. Ofisa mmoja wa serikali alikuwa anarejea kwao Ulaya, na kama walivyofanya wengi siku hizo, aliuza vitu ambavyo hangeweza kuvipakia melini. Umeme mtaani kwa mjomba ulikuwa bado ni habari ya kusubiriwa, lakini friji ile haikutaka umeme. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Chini yake palikuwa na tangi na utambi, kama taa, na moto ule ndio uliotakiwa kuleta barafu.

Nilipoingia nilimkuta mjomba ukumbini, na pamoja naye wazee watatu wanne wa mtaa, wote wameiangalia friji kama watu waliokuja kumposea mtu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umefika kwa wakati. Hebu ifungue hiyo, tia mkono ndani."

Nilitia mkono. Kulikuwa na joto la kuchachusha unga wa mkate, nami nikasema hivyo.

"Wiki mbili," alisema mjomba. "Wiki mbili nnaitilia mafuta, na miye nilichopata ni kabati la moto. Sasa weye ndiye msomi wa mambo haya. Tueleze. Moto unaletaje baridi?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa na jibu lake, tatizo likiwa kwamba jibu nilikuwa nalo kwa Kiingereza. Nilianza kueleza. Nikasema ndani ya yale mabomba ya nyuma mmefungiwa maji na amonia, dawa kali yenye harufu ya kutoa machozi. Moto unaichemsha, mvuke wake unapanda juu, huko nyuma unapoa na kuwa majimaji, majimaji yanashuka ndani ya friji, na yanapogeuka tena kuwa mvuke yanachukua joto la vitu vilivyomo. Yaani friji haitengenezi baridi. Inatoa joto ndani na kulimwaga nje, huku nyuma.

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akamgeukia mjomba akamwambia, "Kijana kasoma." Maana yake ilikuwa kwamba hakuelewa neno, na kwamba hilo lilimridhisha.

"Sawa," alisema mjomba. "Na mbona haimwagi?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipokoma siku ile. Nilisema nahitaji kuichunguza. Kutoka ng'ambo ya njia, kwenye baraza ya nyumba ya mbele, sauti ikasema kwa nguvu ya kusikika, "Wamenunua tanuri. Sasa wanasubiri lizae barafu."

Hakuna aliyejibu, na nilishangaa. Mwenye sauti ile alikuwa karani mstaafu wa forodha, rafiki mkubwa wa mjomba tangu kabla sijazaliwa. Nilivyowajua miye, walikuwa watu wa kucheza dhumna, domino za barazani, kila Alasiri, kugombana kila Alasiri, na kunywa kahawa ya upatanisho kabla ya Magharibi. Lakini siasa zilikuwa zimeingia Pemba. Vyama vilikuwa vimeshagawana maduka, magari na misiba. Mtu aliulizwa chama kabla ya kuulizwa hali. Mjomba alikuwa na chama chake na karani chake, na ingawa sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akieleza vizuri tofauti ya vyama hivyo, walikuwa wameacha kusalimiana kwa sababu yake. Walibaki kuzungumza kwa njia hii tu, kila mmoja kwenye baraza yake, akiwaambia watu wengine maneno yaliyomhusu mwenzake.

Nilianza na sakafu. Friji ya namna ile haina mashine ya kusukuma. Majimaji yake hushuka yenyewe, kwa hiyo ikiinama hukwama. Niliweka bakuli la maji juu yake, kando ya redio iliyokaa hapo, na maji yakakusanyika upande mmoja. Sakafu ya ukumbi wa mjomba ilijengwa kuinamia mlangoni, ili ikioshwa maji yatoke. Jambo la busara kwa sakafu. Nilitia vipande vya mbao chini ya miguu miwili mpaka maji yakatulia sawa, nikasafisha utambi uliokuwa ukitoa moshi mpaka moto ukawa buluu, nikatangaza kwamba kesho watu watarajie barafu.

Kesho yake watu walikuja kutarajia. Joto la ndani lilikuwa limepungua kidogo, labda. Mjomba alitia mkono, akautoa, akaufuta kanzuni, akasema anafikiri bado ni la mkate, ila sasa wa mofa, ule wa mtama. Karani, kwenye baraza yake, aliwaambia wapita njia kwamba chuo cha bara kinafundisha kutia vibao.

Ilinibidi nikae mbele ya friji ile na kuitazama kwa utulivu, na nilipoitazama niliona kile ambacho kila mtu alikuwa akikitazama tangu awali. Friji ilikuwa imevikwa. Mkaza mjomba, mke wa mjomba, aliishonea nguo. Ilikuwa nguo nzuri ya kitambaa cheupe chenye maua ya kudarizi, imeifunika juu, mbavuni na nyuma yote mpaka chini, ikaachwa wazi mlangoni tu. Juu yake palikuwa na kitambaa kingine, juu ya kitambaa redio, juu ya redio maua ya karatasi. Kisha ikasukumwa ukutani ikagusa. Joto lililotolewa ndani kwa taabu lilikuwa likifika nyuma, likakuta nguo na ukuta, likakosa pa kwenda, likabaki pale pale kama mgeni asiyeonyeshwa mlango.

Basi nilikwenda jikoni kwa mkaza mjomba. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, na katika nyumba ile mjomba ndiye aliyesema na yeye ndiye aliyeamua. Alikuwa anakuna nazi ya futari. Nilimweleza kwamba ile nguo lazima ivuliwe na friji ivutwe mbele, mbali na ukuta.

Aliendelea kukuna. "Kwa nini?"

"Nguo inazuia joto lisitoke, mkaza mjomba."

"Mimi nimeivisha ili joto lisiingie. Barafu ikija kutoka Unguja huja imefungwa magunia. Au huko chuoni wanaifunua?"

Alikuwa na haki. Barafu iliyokwisha kuwa barafu hufunikwa. Nilisema hivyo, nikasema pia kwamba hii bado haijawa barafu, inatengenezwa, na anayetengeneza lazima apumue.

"Na ikivutwa mbele," alisema, "wageni wakiingia wataona nini?"

"Mabomba."

"Mabomba meusi ya masizi. Matumbo ya kitu. Ukumbini kwangu, Ramadhani, watu wanaingia na kutoka." Aliweka mbuzi ya kukunia pembeni akanitazama. "Mwanangu, miye sikuitaka friji. Mjomba wako ndiye aliyeitaka. Miye nilikuwa na mtungi na maji yake yakipoa vizuri. Lakini maadamu imekaa ukumbini kwangu, itakaa imevaa."

Hakuna kanuni ya joto inayojibu hoja hiyo. Ya kwanza haiigusi na ya pili inanyamaza. Nilimtafuta mjomba, nikamweleza kwamba kizuizi ni nguo na kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Mjomba alitazama saa ya kulia, kisha ya kushoto, akasema ana mtu wa kuonana naye dukani.

Mazungumzo yangu na mkaza mjomba yaliendelea kwa vipande, siku ile yote na asubuhi ya pili, na naweza kusema kwamba mitihani yote niliyofanya baadaye ilikuwa myepesi. Mwishowe tulikubaliana. Nguo ya nyuma itatolewa, ya mbavuni pia. Ya juu itabaki, bila redio. Friji itavutwa mbele kiasi cha mkono. Na pembeni, kuziba yale matumbo, atatundika pazia kwenye kamba, mbali na mabomba, ili hewa ipande na kushuka na wageni wasione kitu. Hewa ya moto hupanda, ya baridi hushika nafasi yake. Pazia lile lilikaa mahali ambapo mwalimu wangu mwenyewe angeliweka, kama angewahi kuombwa kuistiri friji. Mkaza mjomba alilipima, akalishona na kulidarizi, na nikamshukuru.

Siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, mjomba alifungua mlango wa friji kama anavyofanya kila baada ya muda, akatia mkono. Akauita mkono wake wa pili. Akaita watu. Kwenye kile kisanduku cha juu palikuwa na ukungu mweupe, na maji ya kwenye trei yameanza kushikana pembezoni.

"Subhanallah," alisema kwa ile sauti yake ndogo. Kisha alipokwisha kuzoea ajabu, aliwageukia wazee. "N'lijua. Nilipoiona kwa yule Mzungu nilijua hii ni mashine nzuri. Inataka mtu anayeifahamu tu." Ilikuwa wazi mtu huyo ni nani, na hakuwa mimi.

Futari ya siku ile ilikuwa na maji ya barafu. Nilitarajia nini sijui. Bibi mmoja wa nyumbani alikunywa funda moja akashika shavu, akasema meno yake machache yamejeruhiwa. Mzee mmoja alisema maji hayana ladha, baridi imeila. Mwingine aliuliza kama ni kweli barafu hukausha damu. Wote waliomba tena.

Kuanzia hapo ilikuwa lazima barafu ijiunge na chama. Mjomba alianza kuigawa, kibakuli kwa kibakuli, kwa watu wa upande wake, na kila Magharibi watoto wao walijipanga mlangoni. Watu wa upande wa pili walisema barafu ya mafuta ya taa inanuka mafuta ya taa, na wengine waliapa kwamba wameionja, ijapokuwa hawakuwahi kupewa. Karani alipopita mbele ya nyumba yetu alitazama juu, kama mtu anayeangalia hali ya paa.

Kisha mke wake akashikwa na homa. Tulisikia asubuhi, kwa wanawake, kwani habari za wanawake zilikuwa bado hazijaulizwa chama. Kufika Adhuhuri ilikuwa imepanda mpaka anazungumza na watu waliokwisha kufa. Hospitali walimpa dawa na kusema apozwe kwa vitambaa vya maji baridi, na jua la Machi lilivyokuwa, maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu kabla hayajafika kitandani.

Nilikuwa ukumbini na mjomba. Mkaza mjomba aliingia na beseni, akafungua friji, akaanza kugongoa trei.

"Hiyo ni ya futari," alisema mjomba. "Nimeshawaahidi watu."

Mkaza mjomba aligongoa trei zote mbili, akazimimina, akafunika beseni kwa kanga.

"Na yeye mumewe hasemi na miye."

"Sendi kwa mumewe," alisema mkaza mjomba. Alijitupia buibui, akaniambia nimbebee beseni, tukavuka njia.

Karani alikuwa barazani kwake. Aliniona na beseni, akasimama. Nadhani alitaka kusema neno la kuchoma, alikuwa na hazina yake. Badala yake alisogea kando. Nilimkabidhi mkaza mjomba beseni mlangoni, akaingia ndani nalo, sisi wawili tukabaki nje, tumesimama kwa aibu ya wanaume ambao hawana kazi.

"Hiyo," karani aliniuliza, "ndiyo ya kwenye moto?"

"Ndiyo, mzee."

"Haina mafuta ya taa?"

"Haina, mzee. Moto uko chini, mbali kabisa. Unasukuma tu."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akaniuliza unasukuma nini, nami nikamweleza yote, mabomba na amonia na joto linalotolewa ndani na kumwagwa nje, na yeye ndiye mtu pekee Chake Chake aliyeniuliza maswali mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mlangoni wakati wote. Nilielewa kwamba anataka tu mtu aendelee kusema, nikaendelea. Nilimweleza hata ya theluji.

Homa ilishuka jioni. Siku mbili baadaye karani alivuka njia mwenyewe, mchana kweupe, na beseni mkononi. Halikurudi tupu, ndani mlikuwa na mkate wa kumimina uliofunikwa kwa ile kanga, imefuliwa na kupigwa pasi. Mjomba alikuwa barazani. Walitazamana.

"Beseni lenu," alisema karani.

"Weka hapo," alisema mjomba. Kisha akaongeza, "Mgonjwa vipi?"

"Ameamka. Anataka kugombana."

"Alhamdulillahi."

Karani alikaa ukingoni mwa baraza, bila kukaribishwa, na Alasiri ile dhumna zilitoka kabatini. Walicheza mpaka likizo yangu ilipokwisha. Sitaki kudanganya: kampeni za uchaguzi zilipoanza waliacha tena kusalimiana, na nilisikia safari hii ilikuwa kwa makelele zaidi. Lakini beseni liliendelea kuvuka njia, kwenda na barafu na kurudi na kitu, na kila mwanamume alijifanya halioni.

Siku ya kurejea Pujini kumuaga mama, niliomba vipande vya barafu nimpelekee. Nilivifunga kwa magunia na pumba za mpunga, nikafanya na hesabu ya unene unaotakiwa. Nilisahau kuhesabu dereva, aliyesimama kila penye mtu wa kusalimiana naye. Nilipofungua pale uani kwetu kulikuwa kumebaki kipande kama kokwa ya tende.

Mama alikuwa amefunga, hakuweza kukionja. Alikichukua kiganjani. Alikitazama kikipungua, maji yakishuka mpaka kwenye kiwiko chake, na hakuyafuta mpaka kilipokwisha.

"Ndicho hiki?" alisema.

"Ndicho, mama."

"Miaka yote hiyo bara."

Akaujaribu mkono wake shavuni, ukiwa bado na baridi, akaenda kuteka maji.